Chuma Hakilali Uchi

"Shuka, shemeji. Nakuomba kwa mara ya mwisho."

"Nishushe. Mikono unayo."

"Kuna watu wanangoja kazi hapa."

"Silvère naye anangoja. Yuko parokiani ndani ya sanduku, anangoja mtu aseme ni nani alimtia chooni."

Fundi Jean-Berchmans, mwenye gereji, alikuwa ameshika mnyororo wa kapi. Mwisho wa mnyororo, juu, ilining'inia bodi ya Landrova, na chini ya bodi, juu ya magogo mawili, ililala chasisi iliyopakwa rangi nyeusi. Katikati ya chasisi alikaa Uwimana, mjane wa Silvère, mwavuli mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake zahanati.

"Ukiachia huo mnyororo tutakuwa na maiti wa pili katika gereji hii," alisema Inspekta Winifred Gahongayire kutoka mlangoni. "Ufunge kwenye nguzo."

Jean-Berchmans aliufunga. Pembeni, juu ya rundo la matairi, aliinuka mwanamume mnene mwenye koti la ngozi. Huyo alikuwa Eddie, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Kampala mwezi wa nane.

"Afande, Mungu amekuleta. Hii gari nimeinunua mimi. Kesho niko na barabara ya Gatuna, mpakani, na huyu mama ameikalia kama kuku."

"Kuku anajua anachoatamia," alisema Uwimana.

Winifred aliingia, nyuma yake Évode, polisi wa makamo mwenye goti bovu. Mvua ya Novemba ilipiga mahema ya plastiki yaliyokuwa paa la gereji. Mabati hayakuwapo tena. Katika mtaa wote wa Gitega, mwaka huu wa tisini na nne, nyumba zenye mabati yake zilihesabika.

Winifred alikulia Bukoba, akasomea stashahada ya ufundi magari, na baadaye akaingia kwenye upelelezi kwa sababu huko ndiko watu walikohitajika. Kesi hii alikuwa nayo tangu wiki iliyopita, watu walipozibua choo cha zamani nyuma ya gereji wakakuta mifupa chini ya chokaa. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Uwimana alimtambua mumewe kwa jino la mbele lililokatika na kwa mkanda ambao Silvère aliutoboa mwenyewe kwa msumari.

Asubuhi ile mwendesha mashtaka hakumkaribisha hata kiti. Mifupa ni ya Aprili kama mingine, alisema. Daktari hawezi kupinga, chokaa imekula kila kitu. Kesho parokia inazika, na huyo azikwe pamoja na wengine. Faili lifungwe, labda Winifred amletee kitu kinachoshikika kwa mkono.

"Mama, shuka sasa," Winifred alimwambia Uwimana. "Nataka kuiangalia hiyo chasisi."

Uwimana aliteremka, akaenda kusimama mlangoni.

"Nimeshasema yote," alianza Jean-Berchmans.

"Sema tena. Évode hakuwapo siku ile."

"Tuliinunua chakavu, mimi na Silvère, nusu kwa nusu. Mwezi wa tatu Silvère akaisugua kutu yote, akaipaka nyekundu, rangi ya kwanza. Halafu vita vikaja."

"Mauaji."

"Mauaji yakaja. Mimi nilitoka siku za kwanza, nikaenda Gitarama. Yeye akabaki, wakamuua. Niliporudi mwezi wa nane nikakuta paa limeibwa, vyombo vimeibwa. Chasisi iko palepale, nyekundu. Nikapaka nyeusi juu yake. Basi."

"Paa liliibwa lini?"

"Mwezi wa nne. Uliza mtaa mzima."

Winifred alikuwa ameuliza. Watu wawili walionusurika katika mtaa ule walisema hivyohivyo: gereji ilivuliwa mabati wiki ya kwanza.

"Kwa hiyo masika yote iliinyeshea."

"Yote. Nani angeifunika?"

Winifred alitoa kisu mfukoni, akachagua mahali kwenye boriti la kushoto, akakwangua. Nyeusi ilitoka, ikafuata nyekundu. Chini ya nyekundu chuma kiling'aa kama kijiko kipya. Alihamia upande wa pili, akakwangua tena. Kisha alipiga magoti, akakwangua chini, mahali ambapo matone ya mvua huning'inia muda mrefu kabla ya kuanguka. Huko nako chuma kiling'aa.

"Évode, njoo uone. Unaona kutu?"

"Sioni."

"Alama ya kutu? Hata kivuli?"

"Safi kabisa."

Winifred alisimama, akafuta kisu kwenye suruali. "Jean-Berchmans, wewe ni fundi. Rangi nyekundu inashika chuma, lakini peke yake inakunywa maji. Ndiyo maana tunaifunika. Ukiiacha uchi kwenye masika, kutu inapita chini yake, inaivimbisha malengelenge. Hii haijawahi kuona masika. Ilipakwa baada ya mvua kwisha, juu ya chuma kilichosuguliwa siku hiyohiyo."

Jean-Berchmans aliangalia mikwaruzo mitatu. Alijikuna shingo.

"Sawa. Nilisahau. Niliisugua upya."

"Ulisahau kwamba ulisugua chasisi nzima ya Landrova?"

"Mimi nikisugua sufuria moja tu nyumbani, mtaa mzima unajua," alisema Eddie.

"Nyamaza, Eddie. Uliisugua na nani?"

"Peke yangu. Mafundi walikuwa wapi? Nusu wamekufa, nusu wako Goma. Nyumba zote hapa zilikuwa tupu mpaka mwezi wa tisa. Nilisugua peke yangu, nikapaka nyekundu peke yangu, nikapaka nyeusi peke yangu. Hiyo iko kosa?"

"Hapana. Na ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ya chasisi. Hili boriti ni sanduku, ndani tupu. Chasisi za aina hii huoza kutoka ndani."

"Ndani hakuna anayeona. Mimi napaka pale jicho linapofika."

"Hilo hukuniambia, bwana," alisema Eddie, na sasa hakuwa akitania.

Évode alikuwa amefika nyuma ya chasisi. Aligonga kwa spana, akasikiliza, akagonga tena. Karibu na mahali pa tairi la nyuma kulikuwa na kiraka cha bati nene kilichochomelewa pande zote nne.

"Inspekta, hapa sauti inabadilika. Hiki ni kipya kuliko chuma kingine. Kuna kitu ndani."

Yeye na Winifred walifikiria kitu kimoja. Aliyemvunja Silvère kisogo alitumia chombo kizito, na chombo hicho hakikuwa chooni. Mahali gani pazuri pa kukificha kuliko ndani ya chuma kinachoondoka kesho kuvuka mpaka?

"Leta msumeno wa chuma," Winifred alimwambia Jean-Berchmans.

"Mtaharibu chasisi ya watu."

"Msumeno."

Walikata kwa zamu, Évode na Winifred, mpaka mikono ikafa ganzi. Kona ya kiraka ilipolegea, Évode aliipinda kwa nyundo. Winifred alimulika kwa tochi. Hakukuwa na nyundo wala chuma kingine chochote, ila tundu la kutu lililokuwa limezibwa kwa uaminifu, kazi ya fundi mzuri.

Jean-Berchmans alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Mmeridhika? Sasa nani atakichomelea tena? Wewe, afande?"

Winifred aliingiza vidole viwili ndani, akavitoa. Vilikuwa vimepakwa kitu kizito, cheusi, chenye utelezi. Alivinusa. Oili chafu ya injini, na ndani yake harufu nyingine kabisa, ya asali.

"Hii nini?"

"Oili."

"Nani aliimwaga?"

"Silvère. Ilikuwa kazi yake hiyo, kumwaga oili ndani. Aliimwaga zamani, kabla ya mwezi wa nne. Nimekwambia mimi sikugusa ndani."

"Hukugusa kabisa?"

"Niseme mara ngapi? Sikugusa."

"Évode, umesikia?"

"Nimesikia."

Winifred alitandika gunia sakafuni, akalala chali, akajisukuma chini ya chasisi. Alifuata boriti kwa kidole kutoka mbele kwenda nyuma. Kila chasisi ya namna ile ina matundu upande wa chini ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Aliyatafuta asiyaone. Rangi nyeusi ilikwenda moja kwa moja, laini. Alirudi tena polepole, safari hii macho amefumba, na kidole kikagota kwenye kitu cha mviringo, kama kifungo cha koti. Mbele kidogo kulikuwa na kingine. Upande wa pili kulikuwa na viwili.

Alijisukuma nje, akajipangusa mgongo, akatembea mpaka mlangoni. Uwimana hakuwa amesogea.

"Mama, mumeo alifanyaje ndani ya chasisi?"

"Kwa nini?"

"Nijibu tu. Sema kwa sauti ndogo."

"Aliniharibia sufuria mbili, ndivyo alivyofanya. Alikuwa anayeyusha nta ya nyuki jikoni kwangu. Nta ya mizinga ya kwetu Kibungo. Anachanganya na oili chafu, inakuwa kama uji, anaimwaga ndani ya chuma ikiwa moto. Alisema oili peke yake inakimbia, nta inaishika."

"Ikiwa moto si itatoka yote kwenye matundu ya chini?"

"Anayaziba kwanza. Vigingi vya mkaratusi, alikuwa anavichonga akiwa amekaa mlangoni, nafagia mimi. Akishamwaga anaigeuza chasisi kushoto, kulia, juu, chini, kama mtu anayeviringisha chapati, ndani ienee. Halafu inalala. Asubuhi kabla ya chai anang'oa vigingi."

"Akisahau?"

"Hasahau. Vikibaki, maji yanakaa tumboni, inaoza. Alikuwa na msemo wake kuhusu hayo mambo. Chuma hakilali uchi, na hakilali kimezibwa zaidi ya usiku mmoja." Uwimana alimtazama usoni. "Umeona nini huko chini?"

"Ngoja hapa."

Winifred alichukua koleo kwenye benchi. "Jean-Berchmans, njoo. Na wewe Eddie, njoo, uwe shahidi. Inameni."

Waliinama. Évode alimulika. Winifred alikwangua ile nyeusi kuzunguka kifungo cha kwanza, akakibana kwa koleo, akavuta. Kigingi kilitoka kwa mlio mdogo, urefu wa kidole cha shahada. Nyuma yake yalitiririka maji machafu yenye mafuta, yakalowanisha gunia.

Alikiweka kiganjani, chini ya tochi.

"Tazama kichwa chake. Kina rangi gani?"

Jean-Berchmans alitazama pembeni.

"Eddie?"

"Nyeusi."

"Ubavuni?"

"Mti tu. Na hiyo uji ya oili."

"Sasa tazama mdomo wa tundu pale juu, kwa ndani, pale kigingi kilipokaa."

Eddie alikunja shingo. "Nyekundu."

"Nyekundu iliingia mpaka ndani ya tundu, kwa hiyo tundu lilikuwa wazi nyekundu ilipopakwa. Kigingi kikaja baadaye. Nyeusi ikaja mwisho, ikapita juu ya kigingi." Winifred aliongea bila kupandisha sauti. "Nyekundu ni ya baada ya masika, wewe mwenyewe umekubali. Nyeusi ni yako. Katikati ya nyekundu na nyeusi kuna mtu aliyechonga vigingi vinne, akaziba matundu, akamwaga nta. Wewe ulikuwa peke yako, na ndani hukugusa. Nani huyo?"

Jean-Berchmans alinyoosha mgongo, akajigonga kichwa kwenye bodi iliyoning'inia. Hakuonekana kusikia maumivu.

"Labda mimi. Labda nilifanya nikasahau."

"Kila anayemwaga anajua lazima ang'oe asubuhi. Ulipaka juu yake kwa sababu hukujua kuna kitu. Wewe unapaka pale jicho linapofika."

"Silvère alikufa mwezi wa nne. Iko kwenye karatasi ya ofisi ya komini."

"Kwa kiapo cha nani?"

"Changu."

"Ulikwenda lini kuapa?"

"Niliporudi tu. Mwenye mali amekufa, mshirika aliyebaki anaandikishwa. Kila mtu alifanya hivyo."

"Na Silvère akarudi baada ya wewe kuapa."

Jean-Berchmans aliketi juu ya gogo. Alitazama mikono yake, akaipindua, akaitazama tena upande wa pili.

"Alikuwa amekonda," alisema. "Alikuwa amejificha kwenye dari la watu, sijui wapi. Aliingia hapo mlangoni, akanisalimia, akauliza msasa uko wapi. Hivyo tu. Hakuuliza kitu kingine. Alikuwa na nta kwenye mfuko, Mungu wangu, ameificha muda wote ule."

"Ukamwachia afanye kazi."

"Mimi sijui kusugua kama yeye."

"Halafu?"

"Halafu akasema kesho atakwenda komini kujiandikisha, ili mke wake akirudi amkute kwenye majina ya walio hai. Mimi nilikuwa nimeshaapa, afande. Mbele ya burugumesta mpya, mkuu wa komini, mkono juu. Gereji ilikuwa imeshaandikwa jina langu. Nani alimwambia arudi?"

Eddie alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Mlangoni, Uwimana alikuwa amefungua mwavuli akaufunga, akaufungua tena.

"Ulitumia nini?" aliuliza Winifred.

"Jeki. Niliirudisha kazini. Eddie aliichukua na tairi la akiba."

"Yesu," alisema Eddie. "Iko nyumbani kwangu."

"Isiguswe. Évode, mfunge pingu, umpeleke kituoni kwa miguu. Pitia kwa Eddie uichukue hiyo jeki, uifunge kwenye gunia."

Évode alimfunga. Walipopita mlangoni, Jean-Berchmans alisimama mbele ya Uwimana, akafungua mdomo.

"Shemeji..."

"Mimi si shemeji yako," alisema Uwimana. "Shemeji ni wa mtu aliye na ndugu."

Walitoka. Eddie alifuata, mara akageuka. "Afande, na gari yangu?"

"Ni ushahidi. Utapanda basi."

Winifred aling'oa kigingi cha pili, akaacha viwili vilivyobaki mahali pake, na kuvitia vile alivyong'oa kwenye mfuko wa shati. Alifunga mlango wa gereji kwa kufuli ya Jean-Berchmans mwenyewe. Halafu alimgeukia mjane chini ya mwavuli, kwa sababu lililobaki hakuna mtu mwingine wa kulisema.

"Mama, nisikilize vizuri. Nina vigingi, nina maneno yake, nitapata jeki. Lakini kesho akibadilisha maneno, mwanasheria yeyote atauliza fuvu liko wapi, alama ya jeki iko wapi. Mifupa ikiingia kwenye lile kaburi la parokia pamoja na mingine, hakuna atakayeitenganisha tena."

"Unataka asizikwe."

"Nataka abaki ofisini kwangu. Sikudanganyi, sijui mpaka lini. Mahakama haina mahakimu. Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuzidi. Kama ukitaka azikwe kesho, ni haki yako, sitakuzuia. Faili litafungwa na Jean-Berchmans atakuwa mtaani kabla ya Krismasi."

Uwimana alitazama chini. Maji yalipita katikati ya barabara yakichukua majani na mifuko.

"Nimeshona shuka," alisema. "Dada zangu wawili wanakuja na lori asubuhi. Mmoja ndiye pekee aliyebaki na watoto. Niliwaambia tutakuwa na kaburi. Unajua maana yake, kuwa na kaburi mwaka huu?"

"Najua."

"Hujui. Lakini sawa." Alikunja mwavuli ingawa mvua haijakatika. "Wale wa kesho wana wauaji wao. Huyu ana wake. Nikimzika nao nitakuwa nimeapa kama Jean-Berchmans. Twende kabla hawajapigilia misumari."

Parokia ilikuwa juu ya mteremko, na walipanda kwa haraka. Ukumbini masanduku yalikuwa yamepangwa kutoka altare ndogo mpaka mlangoni, ya mbao mbichi, mengi yakiwa na watu zaidi ya mmoja ndani. Katekista alikuwa akipita na nyundo na kopo la misumari. Aliwaona, akaweka nyundo chini.

"Mama Uwimana. Misa ni kesho, saa tatu."

"Najua. Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

Uwimana alikwenda mpaka safu ya tatu, akapita katikati ya masanduku akiinua gauni lisiyaguse, akasimama penye sanduku lenye shuka jeupe lililokunjwa juu. Alilichukua shuka, akalitia kwapani.

"Mama, sanduku likishaingia hapa halitoki bila padre," alisema katekista.

"Mwambie padre nililitoa mimi. Huyu hakufa mwezi wa nne."

Aliinama, akashika upande mmoja. Winifred akashika wa pili. Halikuwa zito. Walilipitisha juu ya yale mengine kwa uangalifu, bila kugusa hata moja, wakatoka nalo mvuani.